Kahawa ya Rudaina Mezani kwa Wasaili

"Vaa ile ya kijani," mama yake alimwambia asubuhi hiyo. "Wakikunyima kazi, angalau wakukumbuke kwa sura."

"Mama! Hata dua moja njema huna?"

"Dua ninayo. Nimekuombea ufike salama, urudi salama, na Ijumaa uwe umepumzika, wageni wasikukute na macho mekundu."

Wageni wenyewe, waliokuwa wanakuja kumposa, ni ukoo mzima wa Tamer, mtoto wa dada yake mama, muuza magari wa mji wa Zarqa. Kijana mzuri wa sura na wa mfuko, hana kasoro ila moja: alishatangaza mbele za watu kwamba mke wake hatafanya kazi. Si hospitalini, si shuleni, si popote pale. Mama hakuona tatizo. Rudaina alikuwa na miaka ishirini na tisa, na kwa mama yake hizo zilikuwa dakika za majeruhi.

Aliyekuwa bado hajatoa neno ni baba yake, mzee Fawaz, mwalimu mstaafu, mtu wa maneno machache na misimamo mingi. Rudaina alipokuwa anavaa viatu mlangoni, mzee akamfuata, akajifanya anatafuta miwani.

"Sikiliza, mwanangu. Kina Tamer wanasubiri jibu langu leo alasiri. Ukipata kazi, nitawaambia binti yangu ana shughuli zake, wakatafute kwingine. Usipopata, sina tena cha kuwaambia. Nimewazungusha tangu Ramadhani."

"Unaniahidi, Baba?"

"Mimi na wewe tumeanza lini kuandikishana? Nenda, usichelewe basi. Na ile ya kijani imekukaa."

Basi ndivyo mambo yalivyokuwa. Wenzake walikwenda kwenye usaili kutafuta mshahara, yeye alikwenda kuyapigania maisha yake. Na msidhani alikuwa mnyonge! Njia nzima, tangu basi lilipotoka mjini kwao Salt mpaka lilipoanza kupanda vilima vya Amman, moyo ulimdunda kwa furaha na hofu, hofu na furaha, asijue kipi ni kipi. Aliitaka kazi hii. Alikuwa muuguzi wa wagonjwa wa figo kwa miaka, akasomea usimamizi wa miradi jioni jioni huku macho yakifumbika, akasimamia ukarabati wa zahanati mbili mpaka mafundi wakamwita "Komanda". Sasa Hospitali ya Ain Lauz ilikuwa inajenga jengo jipya la kusafisha damu, na ilitaka meneja wa mradi. Alipoisoma ile nafasi alisema kwa sauti, peke yake jikoni, "Hii ni yangu!"

Bi Taghrid, mkuu wa utumishi, ndiye aliyempokea. Mama mnene, mchangamfu, miwani imening'inia kifuani.

"Umekunywa chai? Usiogope. Mwenyekiti wetu Daktari Awad ana sauti ya radi lakini mvua hana. Tupo watatu, mmoja kachelewa wodini. Ingia, ingia."

Daktari Awad alikuwa mzee wa mji wa Karak, mpasuaji tangu enzi hizo, na ofisini kwake hakuna mtu aliyewahi kuulizwa swali kabla ya kunywa kahawa chungu. Aliimimina mwenyewe, mdila wa kahawa mkono wa kushoto, kikombe mkono wa kulia, kidogo tu chini ya kikombe, kama inavyopaswa.

"Karibu, binti. Wa nani wewe?"

"Wa Fawaz, wa Salt, daktari."

"Ahaa. Salt watu wagumu. Kunywa."

Rudaina akakipokea kwa mkono wa kulia. Kikombe kilikuwa kimefika karibu na midomo, harufu ya iliki imeshamwingia puani, mlango ulipofunguliwa nyuma yake.

"Samahanini, mgonjwa wa mwisho alikuwa na maneno mengi."

Sauti hiyo! Moyo ukampiga paa. Hakuhitaji kugeuka. Ghaith akazunguka meza, koti jeupe, nywele zimeanza mvi mbili tatu kandokando ambazo zamani hazikuwepo, akavuta kiti. Hakuonyesha mshangao. Ila macho yao yalipokutana alisahau kukaa, akabaki ameshika kiti kama mtu aliyetumwa kitu akakisahau njiani.

Mkono wa Rudaina ukaanza kutetemeka. Akaogopa kuimwagia kahawa nguo ya kijani. Akakitua kikombe mezani.

Daktari Awad akakitazama kikombe.

Jamani, mapenzi ni kikohozi. Miaka miwili iliyopita, Ghaith aliwaleta wazee wake Salt kumposa Rudaina. Walikuja wengi, wamevaa majoho, magari yamejaa mtaa mzima. Ami yake mkubwa akapewa kikombe cha kwanza, akakiweka chini, akasema maneno ya wazee: hatunywi kahawa yako, Fawaz, mpaka utupe haja tuliyoijia. Hapo baba wa binti husema kunyweni, mmeshapewa, na wanawake ndani hupiga vigelegele. Lakini mzee Fawaz aliuliza kwanza swali moja: "Kijana, mke utaishi naye wapi?" Ghaith akajibu ukweli: Hamburg, amepata nafasi ya kumalizia ubingwa. Mzee Fawaz akanyamaza. Akanyamaza, akanyamaza, kahawa ikapoa, mpaka wageni wenyewe wakainuka wakaondoka, kikombe kimebaki vile vile, hakijanywewa. Salt nzima iliizungumza majira yote ya baridi. Mwanamume ambaye kahawa ya posa yake imeachwa ikapoa harudi tena kwenye mlango ule. Ghaith akapanda ndege. Hakuandika, hakupiga simu. Na Rudaina alilia mpaka akajichukia.

Leo yeye ndiye amekitua kikombe kikiwa hakijanywewa, mbele ya Ghaith yule yule.

"Binti," alisema Daktari Awad taratibu, "umeweka kahawa yangu mezani."

Lahaula! Rudaina akahisi uso unawaka. Mgeni anayeitua kahawa ya mwenyeji bila kuinywa ana haja, na mwenyeji akishakiona kikombe hana pa kukimbilia. Hata mtoto wa shule analijua hilo. Nani kaingia kwenye usaili akaweka kikombe chini? Mwendawazimu tu.

"Daktari, nisamehe, mkono tu uli..."

Akanyoosha mkono akichukue. Mzee akainua kidole.

"Kiache. Mtu akishaweka ameweka. Maswali kwanza, haja yako nitaisikia mwisho. Bi Taghrid, endelea."

Bi Taghrid akauliza yake: amesomea wapi, ameongoza watu wangapi, fundi akidanganya anamjuaje. ("Anaanza kuniita dada yangu," Rudaina alijibu, na Bi Taghrid akacheka mpaka miwani ikaruka.) Ulimi ukamlegea, mabega yakashuka. Alikuwa anaiweza kazi hii, mwili mzima ulikuwa unamwambia anaiweza. Ndipo zamu ikamfikia Ghaith.

Hakutabasamu hata kidogo.

"Umeusoma mpango wa mradi tuliokutumia?"

"Mara nyingi."

"Tarehe ya ufunguzi imeshapangwa, mfadhili anakuja kukata utepe, na tarehe haisogei. Mashine ishirini. Unaanzia wapi?"

"Kwenye maji."

"Nimekuuliza mashine."

"Na mimi nimekujibu maji, daktari. Mashine bila mtambo wa kusafisha maji ni kabati tu. Mgonjwa mmoja kwa kikao kimoja anapitishiwa maji ya kujaza pipa. Maji hayo yakiwa na uchafu, uchafu unaingia kwenye damu. Mpango wenu unaweka kupima maji baada ya sherehe. Hapo nilisimama, nikarudia kusoma, nikadhani nimekosea mimi."

"Hukukosea. Sasa mfadhili akikasirika?"

"Atakasirika, atapoa. Mgonjwa akitetemeka kitandani kwa sababu yangu, mimi sitapoa."

Kitu kikapita usoni mwa Ghaith, haraka, akakiondoa.

"Mkandarasi akikudanganya kwamba maji yameshapimwa?"

"Nachukua sampuli mwenyewe, naipeleka maabara nyingine."

"Na daktari bingwa akigoma kufuata ratiba yako?"

"Kama nani?"

"Kama mimi, kwa mfano."

Rudaina akamtazama machoni. Liwalo na liwe!

"Nitamwita tukae tuzungumze. Wapo watu wakiudhika huondoka kimya kimya, hawaagi. Kwenye mradi wangu hilo halitakubalika."

Bi Taghrid akakohoa.

"Pengine," alisema Ghaith, na sauti ikamkauka kidogo, "mtu huyo aliondoka kwa sababu alifungiwa mlango."

"Mlango ulifungwa na mwenye nyumba. Wengine wa nyumba ile, aliyeondoka hakuwauliza."

"Angewaulizaje? Kwa adabu gani?"

"Kwa simu! Watu wana simu!"

Daktari Awad alimwangalia huyu, akamwangalia yule.

"Hii bado ni ratiba tunayozungumza?"

"Ndiyo, daktari," walijibu wote wawili kwa pamoja.

"Nilitaka kujua tu." Mzee akaegemea kiti, akakunja mikono tumboni. "Haya. Maswali yamekwisha. Kahawa yangu iko mezani, binti wa Fawaz, na mimi ni mtu wa Karak. Sema haja yako."

Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi: kazi. Aseme tu, mzee huyu hawezi kumkatalia mgeni mbele ya kikombe, heshima yake haimruhusu. Kazi. Na Tamer akafie mbali na magari yake, na Ijumaa iwe Ijumaa kama nyingine. Nani angemlaumu? Lakini akajiona keshokutwa anaingia mlango ule ule, mafundi wanamwangalia, Ghaith anamwangalia, na yeye mwenyewe anajua kazi aliipata kwa kumbana mzee wa watu kwenye kona ya heshima. Bora lawama kuliko fedheha.

"Haja yangu si kazi," alisema. "Kazi nipeni au ninyimeni kwa haya mliyoyasikia. Haja yangu ni kwamba yeyote mtakayemchukua, awe mimi au mwingine, jengo lisifunguliwe mpaka maji yapimwe na yapite. Hata tarehe ikisogea. Nataka neno lako, daktari."

Ghaith akainamisha kichwa. Bi Taghrid akafunga kalamu yake.

"Unajua ile tarehe niliipanga mimi?" mzee aliuliza.

"Nilihisi."

"Unajua nimeshamwahidi mfadhili, na ameshaalika nusu ya Amman?"

"Ndiyo maana naomba kahawa ikiwa bado mezani."

Mzee akamkodolea macho. Rudaina akasema moyoni: haya, nimejichongea mwenyewe, nikanunue na nguo ya Ijumaa kabisa. Kisha tumbo la Daktari Awad likaanza kutikisika, kicheko kikapanda taratibu mpaka kikatoka kama ngurumo.

"Salt! Nilisema mimi watu wagumu! Ghaith, miezi yote hii unanililia maji, maji, nimekutimua ofisini mara ngapi?"

"Nimeacha kuhesabu, daktari."

"Ulikosea wewe. Ulikuwa unainywa kahawa yangu kwanza." Akajipangusa macho. "Kunywa, binti. Umepewa."

Ilikuwa imepoa, chungu kama shubiri. Rudaina akaipiga funda moja, akakitikisa kikombe kuonyesha ametosheka, akakirudisha. Hajawahi kunywa kitu kitamu kama hicho tangu azaliwe.

*

Walimwambia asubiri nje. Akaenda bustanini, kwenye benchi lililo karibu na kibanda cha juisi, akakaa, akasimama, akakaa tena. Akasikia hatua za viatu kwenye changarawe. Hakutaka kugeuka, akageuka.

"Ulikuwa unanilipizia kisasi," alisema kabla Ghaith hajafungua kinywa. "Kisasi cha baba yangu, unanilipiza mimi. Sema!"

"Rudaina..."

"Maswali yote yale! Ulibakiza kuniuliza bei ya msumari!"

"Nilikuwa nayo hiyo, nikaisahau." Akatabasamu kidogo, tabasamu likafa. "Nilipoliona jina lako kwenye orodha, nilikwenda kwa Daktari Awad nikamwambia kila kitu. Kwamba nilikuposa nikakosa. Nikamwomba nitoke kwenye jopo. Akaniambia daktari wa figo ni mimi peke yangu, niulize maswali, ila kura sina. Sasa ningekuuliza laini, si wangesema umebebwa? Nilitaka ukiingia pale uingie kwa miguu yako, asipatikane mtu wa kukunyooshea kidole."

Rudaina alikuwa na maneno makali tayari mdomoni. Yakayeyuka yote.

"Umerudi lini?"

"Msimu wa zeituni uliopita."

"Zeituni zimeshaiva tena, Ghaith."

"Najua."

"Likizo?"

"Nimerudi moja kwa moja. Nilimaliza nilichokwenda kusomea. Walitaka nibaki, wakanionyesha na nyumba. Nikaiangalia nyumba ile, jiko lake, dirisha lake, nikajiuliza nani atakaa humu. Nikakata tiketi."

"Na hukunitafuta."

"Kwa uso gani? Baba yako aliiacha kahawa ya ami yangu ikapoa. Ami yangu mpaka leo hapiti njia ya Salt, anazunguka. Nilisema nikikupigia nitakuvunjia heshima nyumbani kwenu. Namba yako naijua kwa moyo. Kila siku naiandika yote, inabaki tarakimu ya mwisho, naifuta."

"Mpumbavu wewe," Rudaina alisema, na machozi yakamtoka bila kumwomba ruhusa. "Mpumbavu mkubwa. Mimi nilikuwa naiangalia simu ile mpaka mama akadhani imeharibika, akaipeleka kwa fundi."

Ghaith akacheka, macho yake nayo yamejaa. Walisimama hivyo, hatua moja kati yao, hakuna aliyethubutu kuivuka na wagonjwa wanachungulia madirishani.

"Rudainaaa!"

Bi Taghrid alikuwa anakuja mbio, jinsi mwili wake ulivyoruhusu, miwani inarukaruka.

"Mwanangu, hatukubishana hata kidogo! Mimi nimesema ndiyo, Awad kasema ndiyo, kazi ni yako! Unaanza mwanzo wa mwezi! Anasema uje na viatu vya kukanyagia saruji!"

Rudaina akapiga kelele. Hakujali daktari, hakujali wagonjwa. Akamkumbatia Bi Taghrid, wakazungushana pale kwenye changarawe, na muuza juisi akapiga makofi bila kujua anashangilia nini. Ghaith alisimama kando anacheka, hajui mikono aiweke wapi.

Simu ikalia mkononi mwa Rudaina. Baba.

"Mwanangu, kina Tamer wamenipigia. Wanataka neno. Niwaambie nini?"

"Nimepata, Baba! Nimepata kazi!"

Mzee wa maneno machache akasema, na sauti ilikuwa imekatika, "Alhamdulillahi. Alhamdulillahi, Komanda wangu." Akageuka akapaza sauti ndani ya nyumba: "Mama Rudaina! Mwambie dada yako wasije!"

Kelele za mama zikasikika mpaka Amman. Rudaina akamtazama Ghaith. Ghaith alikuwa ameacha kucheka, anayatazama majani. Hakuelewa wasije ni kina nani, lakini alihisi ni watu wa posa. Rudaina akaona kwamba akingoja mwanamume huyu ajiamini, zeituni zitaiva mara nyingine tena.

"Baba, kuna mtu hapa. Yule daktari uliyemkatalia."

"Si yuko Ujerumani?"

"Amerudi."

"Kurudi kabisa, au kaja kusalimia?"

Ghaith akanyoosha mkono. Vidole vyao viligusana kwenye simu, na wote wawili wakausikia mguso huo mpaka begani.

"Kabisa, ami," alisema, amesimama wima kama askari. "Nafanya kazi hapa Ain Lauz. Sina pengine pa kwenda."

"Tangu lini?"

"Karibu mwaka."

"Mwaka!" Mzee Fawaz alifoka mpaka Bi Taghrid akasikia. "Mwaka mzima uko hapo pua na mdomo na mimi, hata salamu? Mimi nilikuuliza mke utaishi naye wapi, ukaniambia Hamburg. Nina binti mmoja, nikashindwa kumeza, nikashindwa na kusema. Niliikataa Hamburg, kijana! Wewe nani alikukataa? Mliinuka wenyewe mkaondoka!"

Rudaina aliziba mdomo kwa mikono miwili. Miaka miwili, Mola wangu. Miaka miwili ya kulia, kwa sababu mzee hakusema na kijana hakuuliza.

Nyuma ya sauti ya baba, mama alikuwa bado analia na dunia yake: "Nitamwambia nini dada yangu? Na viti? Viti nimeshakodi, vitamu vya kunafa nimeshaagiza sinia nne! Ijumaa mtu lazima aje, Fawaz, sikubali!"

"Umemsikia mama mkwe wako?" mzee aliuliza.

Ghaith alimtazama Rudaina, machozi yanamshuka mpaka kwenye koti jeupe, wala hayafuti.

"Ijumaa saa ngapi, ami?" akauliza.